Maji ya Magoti, Maji ya Shingo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Misemo ya Kiingereza ya Kuzidiwa na Kuzama

Maswali haya nimeyakusanya darasani, kwenye masomo ya jioni hapa Mjini Unguja. Wanaouliza ni waongoza watalii, wahudumu wa hoteli za Nungwi na Paje, vijana wa kidato cha nne wanaojinoa kwa mtihani, na wafasiri wachache wanaokuja na karatasi mkononi na uso uliokunjamana. Kila muhula yanarudi yale yale. Nimeyapa nambari ili palipokwisha jibiwa nikuelekeze tu, nisikuchoshe.

## Misingi

1. Kwa nini Waingereza wakizidiwa na kazi hukimbilia kuzungumzia maji?

Kwa sababu ile ile inayotufanya sisi tuseme maji ya shingo: nao ni watu wa kisiwani. Hata neno lao la kawaida kabisa, "overwhelm", lina chombo kilichopinduka ndani yake. Kipande cha mwisho, "whelm", katika Kiingereza cha zamani kilikuwa na maana ya kupindua, kufudikiza chini juu. Siku hizi ni nadra kusikia mtu akikisema peke yake. "Inundate", wanalolitumia kwa barua na simu zinazomiminika, limetoka Kilatini, na ndani yake mna "unda", yaani wimbi.

Lakini neno la kulielewa kwanza ni "swamp". Kamusi nyingi zitakwambia ni kinamasi, na mwanafunzi akisikia "We're swamped" anawaza watu waliokwama topeni. Lakini picha ya msemo huu ni ya chombo: kinapokuwa "swamped" kimejaa maji. Aliyepanda ngarawa wakati wa kusi anaijua picha hiyo. Mmoja ameshika usukani, mwengine amechutama katikati na dumu la plastiki lililokatwa ubavu, anafua maji. Wimbi linaingiza, yeye anatoa. Maadamu mkono wake unakwenda sawa na yanayoingia, safari inaendelea na watu wanapiga soga. Ikifika pahala yanayoingia yanampita, hapo ndipo penyewe.

Kwa hiyo mhudumu akisema "We're swamped tonight", hasemi kazi imekuwa ngumu. Kila sahani anajua pa kuipeleka. Ni nyingi tu kuliko mikono iliyopo.

2. Basi "busy", "swamped" na "overwhelmed" zinatofautianaje?

"Busy" ni kuwa na kazi, basi. Wala usiitafsiri "ana shughuli" bila kufikiri, maana huku kwetu mwenye shughuli huenda ana arusi na anangojea uende na mchango. "Swamped" ni wingi, kama nilivyoeleza hapo juu. "Overwhelmed" ni habari ya moyo: mtu anaweza kuwa na kazi moja tu, tena ndogo, na bado ikamfudikiza. Lina upande wa furaha pia, tazama swali la 15.

3. "Nimezidiwa" ni tafsiri nzuri ya "I'm overwhelmed"?

Ni nzuri, ila taja umezidiwa na nini. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, nikamwandikia mama yangu aliyeko Wete: "Mama, wiki hii siji, nimezidiwa." Haikupita nusu saa simu ikalia. "Mwanangu, umelazwa hospitali gani?" Alikuwa keshamtuma mtoto wa jirani kuuliza boti ya asubuhi inaondoka saa ngapi. Huku kwetu "kazidiwa" likisemwa peke yake ni mgonjwa ambaye hali imebadilika, na jamaa wanaanza kupigiana simu.

Tangu siku hiyo nasema nimezidiwa na kazi, au nimeelemewa, au nimetingwa, au kazi zimenizonga. "Nimebanwa" nayo ipo, lakini ukiiacha hivyo hivyo bila kutaja kilichokubana watakuonyesha choo.

## Kipimo: kutoka kidole cha mguu hadi juu ya kichwa

4. Viungo vya mwili katika misemo hii vina utaratibu, au kila mtu anachagua anachotaka?

Vina utaratibu, na mimi huuchora ubaoni: mtu amesimama pwani, maji yanajaa. Akichovya kidole cha mguu, "dip a toe in", anajaribu jambo kwa woga wa kibiashara, kama mtu anayeanza kuuza viungo kwa wageni akaleta pakiti 10 tu. Akilowa nyayo, "get your feet wet", ameanza kupata uzoefu. Magotini kazi imeanza kweli. Viwikoni, "up to my elbows", mikono imo ndani na haiwezi kushika kingine; ni msemo wa mpishi, wa fundi, wa mwanamke aliyejaa unga wa maandazi usiku wa kuamkia Idi huku simu yake inalia juu ya kabati. Shingoni, masikioni, machoni, mambo yanazidi. Juu ya kichwa, kuna habari nyingine kabisa, na nimeipa swali lake la 8.

Kadiri maji yanavyopanda ndivyo uzito unavyoongezeka. Lakini kupanda kwa maji hakukwambii kama mtu anateseka. Anaweza kuwa ndani sana na kuridhika.

5. "Knee-deep" ni kulalamika?

Si lazima. Nenda Paje au Jambiani wakati wa bamvua, maji yakipwa, uwatazame wakulima wa mwani. Kilimo hiki kimeanza hapa Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Wameinama, kanga imefungwa kiunoni, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba iliyovutwa baina ya vijiti, na maji yako magotini. Hapo ndipo ofisini kwao. Anayekuja na kamera akawaonea huruma kwa sababu ya maji hajaelewa kitu. Hurumia bei ya kilo, si maji.

Ndivyo lilivyo "I'm knee-deep in the accounts". Mtu yumo kazini, ameshika mahesabu, asitolewe. Yaweza kuwa na uchovu ndani yake, yaweza kuwa hana hata chembe. Sauti ndiyo itakayokwambia.

6. "Up to my neck" si ndiyo hiyo hiyo "maji yamenifika shingoni"?

Hili linaulizwa kuliko yote, na ndilo linalowaponza wafasiri, kwa kuwa shingo ni ile ile na maji ni yale yale. Maana ndiyo zinazoachana njia.

Kwetu maji ya shingo ni dhiki. Hatumuulizi mtu kaingiaje. Kodi ya nyumba imepita siku zake, duka halina bidhaa, aliyeahidi kukopesha hapokei simu: maji yamemfika shingoni. Anayesikia hutia mkono mfukoni, au walau husema pole.

Kiingereza kina maana mbili, na hiyo yetu haimo kamili katika yoyote. Ya kwanza ni wingi wa kazi, "I'm up to my neck in reports", na anayesema hivyo anaweza kuwa anacheka. Ya pili ni kuhusika, hasa kuhusika na uovu. "He's in it up to his neck" ni kusema yumo, tena yumo mzima mzima, hachomoki.

Niliwahi kuwapa wanafunzi kipande cha habari ya kesi ya rushwa wakifasiri. Sentensi ilikuwa "The officer was in it up to his neck." Mmoja akaandika: "Maji yalimfika shingoni ofisa huyo." Nikaisoma kwa sauti, nikauliza darasa linamwonaje ofisa. Bibi mmoja aliyekaa nyuma, anayesoma ili aweze kuzungumza na wajukuu zake walioko Uingereza, akasema: "Maskini." Mshitakiwa kageuka mwenye kuonewa kwa sentensi moja. Tulibishana sana mpaka tukakubaliana na "alikuwa amezama ndani ya njama hiyo", na hata hilo kuna waliolinunia.

Zamani shingo hizi mbili zilikuwa karibu zaidi. Zaburi ya 69 inaanza kwa mtu anayeomba aokolewe na maji. Biblia ya King James ya mwaka 1611 inasema maji yameingia "unto my soul", na Kiswahili kinasema "mpaka nafsini mwangu". Tafsiri nyingi za Kiingereza za siku hizi zinasema "up to my neck", kwa kuwa neno la Kiebrania lililotumika pale huweza kuwa nafsi na huweza kuwa koo. Mtu yule wa Zaburi maji yake ni kama yetu. Wewe ukitaka kusema dhiki ya namna hiyo kwa Kiingereza cha mtaani, usiende shingoni. Nenda swali la 18.

7. Masikioni na machoni je?

"Up to my ears" na "up to my eyeballs" ni nyongeza ya sauti tu juu ya shingo. Mara nyingi utazikuta na madeni: "up to his eyeballs in debt". Sisi tunasema madeni yamemfika kooni, au kakopa mpaka basi. Ni lugha ya mazungumzo. Usiiweke kwenye barua ya kuomba mkopo.

8. "Out of my depth" na "in over my head" ni kitu kimoja?

Karibu. Zote mbili zinasema mguu haugusi chini tena. Hapa tumeacha habari ya wingi, tumeingia habari ya uwezo. Ukimpa mpishi hodari oda 80 kwa saa moja, yuko "swamped". Ukimpa kazi ya kuandika mkataba wa kisheria, oda moja tu, yuko "out of his depth".

Tofauti ndogo iliyopo ni ya namna mtu alivyofika huko. "Out of my depth" unaweza kusema hata ukiwa umekaa tu mkutanoni watu wanazungumza mambo ya kodi nawe huelewi. "In over my head" ina harufu ya mtu aliyejiingiza mwenyewe, akaahidi, akasaini, sasa anaona maji ya kina. Wakulima wa mwani wanaielewa hii kwa miguu yao. Maji ya ufukweni yamezidi kupata joto, mwani unakufa, na baadhi yao wamelazimika kusogea maji marefu, wengine bila kujua kuogelea. Siku zote mtu alikuwa stadi. Kilichobadilika ni kina.

Kwa Kiswahili nasema "jambo limemzidi kimo" au "kajitwisha asichokiweza". La pili lina lawama, kwa hiyo liweke pale tu penye lawama.

## Vichwa vinavyochanganya

9. Nilimwambia meneja "It's over my head" akanieleza upya pole pole, kumbe mimi nilitaka kusema kazi ni nyingi. Nimekosea wapi?

Umekosea neno dogo kuliko yote. Kichwa katika Kiingereza kina milango mingi, na kila kihusishi kinafungua wake.

"It went over my head" ni kutofahamu. Maneno yamepita juu kama ndege, hayakutua. Ndiyo maana meneja wako alianza upya, tena kwa upole. "I'm in over my head" ni ile ya swali la 8. "In" ndiyo inayokutia majini. Halafu kuna "go over someone's head", ambayo haina maji wala elimu: ni kumruka mkubwa wako ukapeleka mashitaka kwa mkubwa wake. Ukiisema hii kazini, isemwe kwa makusudi. Na "head over heels" ni mapenzi. Huyo kafa kaoza, usimpe ushauri.

Kijana mmoja anayefanya kazi mapokezi aliniuliza afanyeje asizichanganye. Sina dawa ya kukariri. Nilimwambia ajiulize nani yuko juu: maneno yako juu yangu, maji yako juu yangu, au mimi nimepita juu ya bosi.

10. "Deep end" ni wapi?

Ni upande wa kina wa bwawa la kuogelea. Bahari haina upande, ina kujaa na kupwa, kwa hiyo msemo huu haujazaliwa pwani. Umezaliwa penye vigae vya buluu na nambari za mita zilizoandikwa ukingoni. "They threw me in at the deep end" ni kupewa kazi nzito siku ya kwanza bila kufunzwa. Wahudumu wote niliowafundisha wanayo hadithi ya namna hii, na karibu zote zimetokea Disemba.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, "go off the deep end" ni kitu kingine: kupandwa na hasira au kufanya mambo ya kiwazimu. Pili, usifasiri kwa "nimetoswa". Neno ni sahihi kwa wazee, ila vijana wakilisikia watadhani mchumba kakuacha.

11. "In deep water" na "in hot water", yapi mabaya zaidi?

Ya kina. Maji ya moto, "in hot water", ni kuwa na kesi na mkubwa: umechelewa, umejibu vibaya, unaitwa ofisini. Yanapoa. Maji ya kina ni hatari ambayo haijulikani mwisho wake.

## Kazini na mtihanini

12. Hatujawahi kuona theluji. Tunaweza kusema "snowed under"?

Semeni tu. Wapo Waingereza wanaosema "over the moon" na hawajafika mwezini. Msemo huu ulianza Marekani karne ya 19, na picha yake ni nyumba iliyofunikwa na theluji mpaka mlango haufunguki. Theluji huanguka kimya, chembe moja moja, kila moja haina uzito wowote. Asubuhi unaamka umefukiwa. Ndiyo maana unawafaa zaidi watu wa karatasi na barua pepe kuliko watu wa jikoni. Katika misemo yote ya ukurasa huu, ndio ulio salama zaidi ofisini: "I'm a bit snowed under this week" haimuudhi mtu, na ni njia ya adabu ya kukataa kazi bila kutamka neno hapana.

13. Mgeni wa Marekani aliyekuwa mpishi kwao alituangalia jikoni akasema "You guys are in the weeds". Alituona washamba?

Hapana, aliwaonea huruma. Ni lugha ya mikahawa ya Marekani: oda zimewapita, kila mtu anakimbia, hakuna anayejua meza ya saba ilitaka nini. "Slammed" ni ndugu yake, "We got slammed at eight". Mwingereza yeye angesema "rushed off our feet", yaani kutwa miguu haikutua.

Shida ni kwamba ofisini "in the weeds" ina maana nyengine: kuzama katika vijambo vidogo vidogo mpaka ukapoteza jambo lenyewe. Jikoni ni kuzidiwa, mkutanoni ni kuchambua kupita kiasi. Angalia kama kuna moto karibu.

14. Ni kihusishi gani kifuate? Mtihani unatukata hapo.

Misemo ya kiungo cha mwili huchukua "in": "up to my neck in work", "knee-deep in work". Misemo ya kufunikwa huchukua "with", na "by" nayo hukubaliwa: "swamped with orders", "snowed under with work", "inundated with calls", "overwhelmed by the noise". "Drowning" na "buried" hurudi kwenye "in". "Out of my depth" na "in over my head" hazihitaji kuambiwa umezama katika nini, ingawa unaweza kuongeza "with" ukitaka.

Katika insha, moja inatosha. Nimesahihisha insha yenye shingo, masikio na theluji katika aya moja, nikahisi baridi.

## Kuzama kwa hiari

15. Je, kuna kuzama kuzuri?

Kupo, na lugha zote mbili zinakubaliana hapa. "Immersed in a book" ni kuzama kitabuni. "Steeped in tradition" ni kulowana mpaka ndani, kama majani ya chai yanavyoachia rangi ndani ya birika, au karafuu ndani ya pilau. Mtu aliyelelewa kwenye maulidi na uradi tangu utotoni amekolea, na "kukolea" ndiyo tafsiri yangu. "Overwhelmed by your kindness" ndilo jibu la mgeni aliyekaribishwa futari na familia asiyoifahamu. Usimfasirie kuwa "amezidiwa na wema wenu", watamletea maji ya kunywa. Sema ameshindwa hata la kusema.

16. "In too deep" inatumika kwa nini hasa?

Kwa mapenzi, madeni na uhalifu, kwa mpangilio huo wa mazoea. Mtu ameingia mpaka kurudi ni tabu sawa na kwenda mbele. Jirani yake ni "past the point of no return", msemo wa marubani: kuna pahala katika safari mafuta yaliyobaki hayatoshi tena kukurudisha ulikotoka.

Watu huniuliza kama hii ndiyo "maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga". Siyo. Methali yetu ina ushujaa ndani yake, inamsukuma mtu amalize alilolianza. Mwenzake wa Kiingereza ni "in for a penny, in for a pound": umeshatoa peni, toa na pauni. "In too deep" haimsukumi mtu popote.

17. Na mtu aliyejichukulia mambo mengi kwa tamaa?

"He's bitten off more than he can chew", kauma tonge kubwa kuliko mdomo. Ukiwa huna lawama, sahani: "I have a lot on my plate". Hii ya sahani ni ya heshima na hufaa hata kuzungumzia msiba au ugonjwa wa mzazi bila kueleza zaidi.

## Maswali ya pembeni

18. Nisemeje kwa Kiingereza kwamba maisha yamenibana ila bado napumua?

"I'm keeping my head above water." Kichwa kiko nje, mengine usiulize. Ni lugha ya pesa zaidi. Ukiongeza "barely" umekaribia kabisa maji yetu ya shingo, na mtu atakuuliza kama unahitaji msaada. "Treading water" ni kukanyaga maji pale pale: huzami, husogei. Mfanyakazi wa miaka minne bila kupandishwa cheo anaisema hiyo.

"Underwater" kwa mkopo wa nyumba ni kitu maalumu: deni limezidi bei ya nyumba yenyewe. Ilisikika sana Marekani baada ya mtikisiko wa fedha wa 2008. Usiifasiri "nyumba imefurika", kama ilivyopata kutokea.

19. Ni sawa kusema "I'm drowning" kwa mzaha hapa Zanzibar?

Kwa Kiingereza, na mgeni, hakuna neno. Wao hulitumia kwa barua pepe na nguo chafu. Kwa Kiswahili mimi najizuia. Septemba 2011 meli ilizama mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, na Julai 2012 nyengine ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Darasani kwangu wamekaa watu waliopoteza ndugu katika safari hizo. Ukisema "nazama" huku unacheka, kuna mtu atakayeangalia dirishani. "Mfa maji haachi kutapatapa" nayo ni methali, na mwenzake wa Kiingereza, anayeshika unyasi akizama, yupo. Zote mbili ninazifundisha, ila kwa sauti ya kawaida, na sisemi ziigizwe.

20. "Up the creek" ni tusi?

Fupi hivyo, hapana. Umekwama kwenye kijito cha mikoko, maji yanapwa, na kafi huna: "up the creek without a paddle". Ukisikia neno lingine limeingizwa kabla ya "creek", hilo ni tusi. Usilirudie mbele ya wageni wazee.

21. "I can't fathom it" ina uhusiano na kuzama?

Ina, na hili ndilo swali ninalolipenda. "Fathom" ni kipimo cha kina cha bahari, futi 6, na asili yake ni mikono miwili iliyonyooshwa. Yaani ni pima. Mvuvi wa Mkokotoni anayepimia mshipi wake kwa kunyoosha mikono kifuani anafanya kile kile alichokuwa akifanya baharia wa Kiingereza aliyeteremsha bildi. Wao wakalichukua neno hilo wakalifanya kuelewa: asiyeweza kulipima jambo hajafika chini yake. Sisi tukasema "sikulipima vizuri" tukimaanisha hatukulitafakari. Baina ya Unguja na bara kina ni makumi tu ya mita. Mkondo wa Pemba unakwenda mamia. Mpemba akisema jambo halipimiki, mwaminini.

22. Tunalo neno "kupwelewa". Wao wanalo?

Wanalo, na watu hushangaa. Chombo kilichopwelewa kimeachwa na maji, kimelala ubavu juu ya mchanga, na mwenyewe hana la kufanya ila kungoja yajae. Kiingereza kinasema "left high and dry", juu tena pakavu. Hutumika kwa mtu aliyeachwa peke yake wakati wa shida: mshirika katoroka na pesa, tajiri kafunga ofisi bila kulipa mishahara.

Mwanafunzi mmoja kutoka Mkoani aliniuliza mbona basi neno hili lipo kwenye orodha ya kuzama, na huyu hana hata tone la maji. Nilimjibu kwamba nimeliweka kwa sababu wanafunzi wanaliuliza. Akasema kwao ukipwelewa ni saa sita tu, halafu maji yanarudi yenyewe.